Mkia tunao, kichwa kiko wapi? Maktaba ya cDNA kutoka jicho la furu

Ukienda mwaloni Kirumba hapa Mwanza asubuhi mapema angalia wamama wanavyochagua samaki. Hawaanzi na bei, wanaanza na jicho. Jicho likiwa limejaa, linang'aa, cheusi cha katikati kinaonekana vizuri, huyo samaki katoka majini sasa hivi, likiwa limezama na lina ukungu kama maji ya mchele wanapita, hata bei hawaulizi. Watafunua mashavu kuangalia wekundu, sawa, ila hukumu ishatoka kwenye jicho. Mimi nimekua nikiona hivyo nimeshika kapu la mama, nikadhani ni mambo ya jikoni tu. Sasa hivi kazi yangu ni kutoa RNA kwenye macho ya samaki na nawaambia ukweli kabisa, kipimo cha wale wamama ndio kipimo cha kwanza cha maktaba ya cDNA, kabla ya mashine yoyote.

Nina karibu mwaka mzima natengeneza maktaba kutoka macho ya furu, na wadogo zangu wa chuo wananitumia meseji WhatsApp kila wiki, dada nianze na seti gani ya dawa, dada njia ipi nzuri, dada jeli yangu imetoka ukungu mtupu nimekosea wapi. Badala ya kujibu mmoja mmoja naandika yote hapa. Ni ndefu, chukua chai.

Kwa ambao hawako kwenye fani kwanza. Kila seli ya samaki ina DNA yote, ya jicho, ya ini, ya pezi, kitabu kilekile kizima chenye herufi takriban bilioni 1. Ila seli ya jicho haisomi kitabu chote, inafungua kurasa inazozihitaji leo na kuzinakili kwenye vikaratasi vya muda, ndio hiyo mRNA, RNA mjumbe, halafu protini zinajengwa kufuata hivyo vikaratasi. Kwa hiyo ukitaka kujua jicho linafanya nini, kitabu hakikusaidii sana, unataka vikaratasi. Shida ni kwamba vikaratasi vinaoza haraka sana, na huwezi kumpa bakteria mRNA akutunzie. Unavigeuza kwanza kuwa DNA, ndio inaitwa cDNA, DNA shirikishi, kila kipande unakipachika kwenye plazimidi yake, kile kiduara kidogo cha DNA anachobeba bakteria, kila plazimidi inaingia kwenye bakteria wake, na hao bakteria wote kwa pamoja ndio maktaba. Ukitaka kitabu kimoja unamtafuta bakteria mmoja. Kuna faida nyingine pia, jeni ndani ya DNA ya samaki zimekatizwa na vipande visivyotumika, introni, na bakteria hajui kuvitoa, lakini mRNA ishavitoa tayari, kwa hiyo cDNA inampa bakteria ujumbe uliosafishwa.

Na kwa nini furu? Wengine huku wanamdharau, samaki mdogo wa miiba, chambo cha sangara. Lakini ziwa letu, Victoria, lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita na likajaa tena, na ndani ya muda huo mfupi zikapatikana aina karibu 500 za furu, hakuna sehemu nyingine duniani samaki wamegawanyika kwa kasi kama hiyo. Sangara aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, miaka ya 1980 akafumuka, maji nayo yakazidi kuchafuka, na wataalamu wanakadiria aina kama 200 zilipotea. Mimi hili linaniuma. Kuna samaki waliishi hapahapa kwenye ghuba yetu na hatutajua kamwe seli zao zilikuwa zinaandika nini kwenye vikaratasi vyao.

Kuna furu mmoja anaitwa Pundamilia nyererei, ndiyo, jina la Mwalimu, na jina la kwanza ni pundamilia wetu kwa sababu ya mistari yake. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Ndugu yake Pundamilia pundamilia dume ni wa bluu. Kwenye visiwa vya mawe kama Makobe ambako maji ni masafi, mwekundu anakaa chini zaidi na wa bluu anakaa juu, na chini kule mwanga unaobaki ni wa upande wa nyekundu. Mwaka 2008 kundi la Ole Seehausen lilionyesha kwenye jarida la Nature kwamba hawa wawili wanatofautiana kwenye jeni moja ya jicho, inaitwa LWS, ile inayotengeneza protini ya kupokea mwanga wa mawimbi marefu, tofauti ya upokeaji ni kama nanomita 15 tu lakini inaenda sambamba na kina wanachoishi na rangi ya madume. Na pale ambapo maji yana tope wanachanganyikana. Mwaka 2014 nyererei akawa mmoja wa sikilidi (ukoo wa furu na sato) watano wa Afrika waliosomwa DNA yao yote. Kwa hiyo kitabu kipo, mtu yeyote mwenye bando anakipakua. Vikaratasi vya jicho ndio nilivitaka mimi, tena vizima, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Hilo neno vizima ndilo lililonitesa.

Safari ya kwanza nilienda na mjomba wangu, yeye ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwaka hakuna kazi, kwa hiyo mjomba anapatikana siku za mbalamwezi tu na ratiba yangu ya sayansi inafuata mwezi kama ya kwake. Kibali ninacho, mtumbwi upo, tukaenda kwenye mawe tukavua kwa ndoano ndogo, nikaweka samaki kwenye boksi la barafu kama tunavyowekaga sato wa kula, tukarudi saa tisa mchana, nikafika maabara saa kumi na moja nikaanza kutoa macho. Jeli ikatoka ukungu. RNA nzima ikikimbia kwenye jeli inaonyesha mistari miwili mikali ya RNA ya ribosomu, 28S na 18S, wa juu unakolea karibu mara mbili ya wa chini, mimi nilipata moshi unaoshuka mpaka chini. Nikaendelea hivyohivyo kwa sababu dawa zilikuwa zinakaribia kuisha muda na nilikuwa nimeshalipa, nikatengeneza maktaba kutoka kwenye ule moshi. Vipande vyote vilikuwa vifupi, mikia mitupu. Wiki sita.

Mjomba nilipomsimulia akasema, "Mwanangu, wale samaki mimi nisingewanunua. Macho yalishalala."

Basi sikilizeni. Samaki akifa seli zake bado zina RNezi, vimeng'enya vya kula RNA, na hakuna tena wa kuvizuia. Barafu inapunguza kasi tu haisimamishi. Kwa hiyo saa inaanza kuhesabu pale ndoano inapotoka mdomoni, na hakuna dawa ya bei yoyote inayoweza kurudisha ujumbe uliokatika, ukikatika umekatika. Sasa hivi nafanyia kazi humohumo ndani ya mtumbwi. Naua samaki mmoja mmoja kama taratibu zinavyotaka, natoa jicho, napasua kioo cha mbele na kutoa ile punje ngumu ya lenzi (ile punje nyeupe unayoikuta kwenye supu ya kichwa), nalitumbukiza kwenye RNAlater, dawa ya kuhifadhi RNA, chini ya dakika mbili. Usitupe jicho zima bila kulipasua, dawa haiingii, nyama inatakiwa isizidi nusu sentimita unene na dawa iwe angalau mara tano ya nyama. Ikishaingia vizuri hata joto la Mwanza halikusumbui, siku moja kwenye nyuzi 37 inavumilia, wiki kwenye nyuzi 25, mwezi kwenye frija.

RNAlater ni ghali na kuagiza kunachukua muda, lakini moyo wake ni salfeti ya amonia nyingi sana ndani ya maji, inafanya protini zigande pamoja na RNezi zenyewe. Unaweza kuchanganya mwenyewe, gramu 700 za salfeti ya amonia kwa karibu lita moja ya maji yenye EDTA na sitreti ya sodiamu kidogo, pH ishushe mpaka 5.2. Ndio kemikali ileile ya mbolea ya SA inayouzwa maduka ya pembejeo ila tafadhali usitumie ya mbolea, ina uchafu, nunua ya maabara, hata hivyo bado ni nafuu mara nyingi sana kuliko ya chupa.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi sana kwenye maelekezo ni saa. Jicho la samaki halitoi ujumbe uleule siku nzima, jeni za kupokea rangi zinapanda na kushuka kufuatana na saa. Ukichukua mwekundu asubuhi na wa bluu jioni halafu ukasema wanatofautiana, umelinganisha asubuhi na jioni, hujalinganisha samaki. Mimi nachukua wote kati ya saa nne na saa sita basi.

Kutoa RNA yenyewe sitakaa sana, wengi mnaijua. Njia ya Chomczynski na Sacchi ya mwaka 1987 ndio mama wa Trizol zote, guanidini inaua RNezi papo hapo, fenoli yenye asidi na klorofomu zinatenganisha, RNA inabaki kwenye maji juu, DNA katikati, protini chini. Usiwe na tamaa ya kunyonya maji yote ya juu, acha kidogo, ukigusa utando wa katikati umejiletea DNA ya samaki na itakuja kujifanya cDNA kwenye maktaba yako. Mimi napitisha DNezi, kimeng'enya cha kula DNA, kila mara hata kama naona iko safi. Na RNezi za kwenye vidole vyako ni ngumu kufa kuliko unavyodhani, RNezi A inachemshwa na ikipoa inajikunja upya na kuendelea na kazi, ndio maana maji tunayaweka DEPC, kemikali ya kuua RNezi, asilimia 0.1 usiku kucha halafu tunayapitisha otokleva. Glavu badilisha. Ukishika simu, badilisha.

Sasa tuje kwenye mkia na kichwa.

Katika RNA yote uliyotoa, mRNA ni kama asilimia 1 mpaka 5 tu, nyingine karibu yote ni RNA ya ribosomu ambayo huitaki. Lakini mRNA ina alama, mwishoni ina mkia mrefu wa herufi A, A, A, A. Mwaka 1972 Aviv na Leder wakatumia hiyo alama kama mvuvi anavyotumia chambo, wakapachika nyuzi za herufi T kwenye selulosi, T inashikana na A, unapitisha RNA kwenye chumvi nyingi, mRNA inanasa kwa mkia wake nyingine inapita, ukiweka bafa isiyo na chumvi inaachia. Siku hizi ni punje za sumaku badala ya selulosi lakini ndoano ni ileile. Na uzi huohuo wa T unatumika tena kama praima, mahali pa kuanzia kunakili.

Anayenakili ni kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1970, Temin na Mizutani upande mmoja na Baltimore upande mwingine, kila mtu kivyake, kwenye virusi vya kansa ya kuku na ya panya. Kinasoma RNA na kuandika DNA, kinyume na mtiririko wa kawaida, ndio maana kinaitwa riversi transkriptezi, mimi nitakiita RT. Hata virusi vya Ukimwi wanacho, na dawa kama tenofovir na lamivudine wanazomeza ndugu zetu kila siku zinamzuia RT huyohuyo wa virusi asinakili. Sisi maabara tunamlisha ili anakili.

RT anaanzia mkiani. Hapo ndio mzizi wa tatizo lote. Anaanzia kwenye A na kupanda kuelekea kichwani, na njiani anachoka, au anakuta RNA imejikunja kama wavu uliojifunga fundo anaanguka, au RNA ilishakatika toka kwenye mtumbwi. Kila anapoishia, unabaki na mkia bila kichwa. Na mtu wa Mwanza sihitaji kumweleza kwamba kichwa cha samaki ndio chenyewe, mgeni ukimpa mkia umemtukana. Kwenye mRNA vilevile, kichwani ndiko herufi ATG inakoanzia protini, kloni, yaani bakteria na kipande chake cha cDNA, isiyo na kichwa haiwezi kutengeneza protini nzima. Mimi nataka hiyo protini kwa sababu ukiwa na LWS nzima unaweza kuiingiza kwenye seli za kukuzwa, ukaipa retinali, ile molekuli itokanayo na vitamini A inayonasa mwanga, na kupima kwa mashine inapokea mwanga wa urefu gani. Nusu ya LWS haipokei kitu.

Ukiisoma historia ya hizi njia kwa jicho hilo utaona ni watu miaka karibu hamsini wanatafuta kichwa.

Njia ya kwanza kabisa ya miaka ya 1970 iliyotumika kwa beta globini ya sungura, ilikuwa inategemea kwamba RT akifika mwisho uzi wa cDNA unajikunja wenyewe kama kulabu, hiyo kulabu inatumika kuanzisha uzi wa pili, halafu kimeng'enya cha S1 kinakata kona ya kulabu ili zibaki nyuzi mbili sambamba. Sasa kona ya kulabu iko wapi? Kichwani. Kila ukikata unakata kichwa. Ilifanya kazi na ni watu wa kuheshimiwa sana kwa vifaa walivyokuwa navyo, lakini kichwa kilikuwa kinatupwa kwa kanuni.

Mwaka 1982 Okayama na Berg wakaja na kitu kizuri sana, praima ya T wakaipachika moja kwa moja kwenye plazimidi, kwa hiyo cDNA inazaliwa ikiwa tayari imeshikwa kwenye gari lake, na mpangilio wake unapendelea zilizofika mwisho. Ngumu kuifanya lakini akili yake naipenda mpaka leo. Mwaka uliofuata 1983 Gubler na Hoffman wakarahisisha kila kitu, na hii ndio njia niliyoianza nayo na ndio ningemshauri mtu aielewe kwanza hata kama hataitumia. Baada ya uzi wa kwanza una RNA na DNA zimeshikana, unaweka RNezi H kidogo, inang'ata RNA sehemu sehemu tu, vile vipande vya RNA vilivyobaki vinakuwa praima, polimerezi ya kwanza ya E. coli inajaza DNA ikisukuma RNA mbele yake, ligezi inaunga mapengo. Hakuna kulabu, hakuna S1. Unapoteza herufi chache tu za mwanzo kabisa. Safi.

Lakini angalia vizuri, Gubler na Hoffman wanaokoa kichwa ambacho RT alikifikia. Kama RT aliishia katikati, utapata uzi wa pili mzuri sana wa nusu samaki. Kwa hiyo swali likahamia kwa RT mwenyewe. RT wa asili wa panya anafanya kazi nyuzi 37, wa kuku 42, na wote wana tabia ya kula RNA wanayoisoma, fikiria mtu anasoma huku anachana kurasa. Wakabadilishwa, tabia ya kula ikaondolewa, wakavumilishwa joto mpaka nyuzi 50 na 55 ambapo mafundo ya RNA yanafunguka. Wajapani wa RIKEN wakagundua hata sukari ya trehalosi inamwezesha RT kufanya kazi kwenye nyuzi 60. Mimi nachemsha RNA na praima nyuzi 65 dakika tano, moja kwa moja kwenye barafu, halafu RT aliyeboreshwa nyuzi 50 saa nzima, na kwenye LWS nimeona tofauti kwa macho yangu.

Na kuna jambo moja zuri kuliko yote. Kichwa cha mRNA kina kofia! Herufi G moja iliyopachikwa kinyumenyume na kuwekewa alama ya metili, ndio kofia, na mRNA iliyokatika njiani upande wa juu haina kofia. Carninci na wenzake kulekule RIKEN mwaka 1996 wakaamua kukamata kofia. Wanaibandika biotini, halafu wanaweka RNezi inayokata RNA iliyo uchi tu. Kama cDNA imefika mpaka kofiani, RNA yake yote imefunikwa haikatwi, kofia inabaki. Kama RT aliishia njiani, sehemu ya juu iko uchi, inakatwa, kofia inaondoka nayo. Kisha sumaku inanasa wenye kofia tu. Yaani unanasa kwa kichwa badala ya mkia. Niliposoma mara ya kwanza nilisimama kwenye kiti.

Tatizo inataka RNA nyingi, na jicho la furu ni dogo kama punje ya choroko kubwa. Kwa hiyo mimi natumia njia ya kubadili kamba, inayojulikana kwa jina la SMART. RT wa panya akifika kofiani ana kawaida ya kuongeza herufi C chache, mara nyingi tatu, bila kusoma popote. Unaweka oligo, uzi mfupi wa kutengenezwa, yenye GGG mwishoni, inakaa kwenye zile CCC, na RT anaruka kutoka RNA kwenda kwenye oligo anaendelea kunakili kama vile ni kamba ileile. Mwisho wake kila cDNA iliyofika kichwani ina anwani inayojulikana pande zote mbili, unaiongeza kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi kwa mizunguko. Nanogramu chache tu zinatosha. Haina ukali wa kukamata kofia, RNA iliyokatika nayo wakati mwingine inarukiwa, ndio maana narudi palepale, jicho libichi. Na PCR isizidi. Mizunguko mingi ni fotokopi ya fotokopi, vifupi vinashinda virefu, vilivyo vingi vinazidi kuwa vingi. Najaribu 15, 18, 21, naangalia kwenye jeli inapoacha kupanda, narudi nyuma mizunguko miwili.

Sehemu ya kupachika kwenye plazimidi nayo ina mitego yake miwili mitatu. Wa zamani walikuwa wanaunga vipande vyenye alama ya EcoRI, kimeng'enya kinachokata DNA penye GAATTC, halafu wanakata, sasa kama jeni yako ina GAATTC ndani yake nayo inakatika katikati, ikabidi kuilinda kwanza kwa metili. Baadaye wakaweka alama ya XhoI mkiani kwenye praima na EcoRI kichwani, kila cDNA inaingia imeelekea upande mmoja, na ndani inalindwa na C zenye metili zilizotumika kuandika uzi wa kwanza. Mimi nachukua hilo wazo la kuelekea upande mmoja. Halafu usiruke kupitisha kwenye kolamu ya kuchuja ukubwa, TAFADHALI, kwa sababu vipande vifupi vinaingia kwenye plazimidi kirahisi kuliko virefu, usipovitoa maktaba yako itajaa vidagaa. Mimi natupa vyote chini ya herufi 500.

Faji (virusi vya bakteria) wa lamda kama gt10 na gt11 wa miaka ya 1980 walikuwa wafalme kwa sababu wanaingia kwa bakteria kwa ufanisi mkubwa sana, na gt11 iliwezesha kutafuta jeni kwa kutumia kingamwili. Sisi tuna mashine ya kupiga bakteria shoti ya umeme kwa hiyo plazimidi inatosha.

Kloni ngapi? Kuna hesabu yake, N ni logi asilia ya moja kutoa P, gawanya kwa logi asilia ya moja kutoa n, N ni idadi ya kloni, P ni uhakika unaoutaka, n ni sehemu ya ujumbe huo kati ya zote. Kama ujumbe ni adimu, mmoja kati ya 37,000, na unataka uhakika wa asilimia 99 kwamba umo, unahitaji kloni kama 170,000. Msishtuke na msiridhike na sahani kumi zenye koloni mia mia. LWS kwenye jicho si adimu, lakini mimi sitaki LWS peke yake. Na hapa niseme wazi, kama swali lako ni jeni moja unayoijua, usitengeneze maktaba, tengeneza praima ufanye RT-PCR siku mbili umemaliza. Maktaba ni kwa ajili ya yale usiyojua kuyauliza.

Kwenye jicho pia kuna ujumbe unaozidi wengine wote, rodopsini ya mwanga hafifu imejaa kila mahali. Kuna njia ya kusawazisha, unatenganisha nyuzi kwa joto kisha unaziacha zitafutane, zilizo nyingi zinapata wenza haraka zinakuwa nyuzi mbili, adimu bado zinazunguka peke yake, halafu kimeng'enya kutoka kwa kaa mkubwa wa Kamchatka kinakula zenye nyuzi mbili tu. Zinabaki karibu sawasawa. Nzuri kwa kugundua jeni, ila ukishasawazisha usije ukahesabu, idadi haina maana tena.

Watu wananiuliza kwa nini nisitume RNA nje isomwe yote kwa mashine, RNA-seq imekuwepo toka 2008 hivi na ni rahisi. Natuma pia. Na hata hiyo ni maktaba ya cDNA, adapta, RT, PCR, yaleyale, isipokuwa mashine fupifupi zinakatakata kila kitu na kompyuta inabahatisha kuunganisha. Mashine za kusoma virefu zinapenda cDNA ya kubadili kamba ileile ninayoitengeneza mimi. Lakini faili si kloni. Kloni naweza kumpa mwanafunzi wa hapa Mwanza kesho asubuhi akaikuza kwenye mchuzi wa LB na kupata LWS mkononi mwake. Maktaba naikuza mara moja tu, kila ukiikuza tena wanaokua haraka wanawafunika wengine, naigawanya kwenye gliseroli nyuzi -80, na nusu naiweka kama DNA kwenye ethanoli kwenye friza nyingine jengo lingine. Niliwahi kufanya kazi sehemu ambayo umeme ulikatika Ijumaa jioni na jenereta haikuwa na mafuta, Jumatatu tulikuta maji. Sirudii.

Mwezi uliopita nilichukua kloni 24 za kwanza za maktaba mpya, nikapima urefu, nyingi ziko juu ya herufi 1,000, nikazisoma. Mmoja ni LWS. Nikasogea kwenye mfuatano polepole kutoka mkiani, naogopa kuangalia juu, nikakuta ATG, na kabla yake herufi za mwanzo zisizosomwa, na kabla yake GGG ya oligo. Kichwa na kofia yake. Herufi 1,071 za protini, zote zipo.

Nikampigia mjomba. "Shikamoo mjomba, tumepata kichwa."

"Marahaba mwanangu. Cha yule mwekundu?"

"Cha yule mwekundu."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa na yule wa bluu, yeye tunamwacha?"

Mbalamwezi ijayo tunaenda tena, mawe yaleyale ila kina kifupi. Tyubu 60 zenye dawa nimeshazijaza ziko kwenye frija, mjomba kasema atatafuta ndoano ndogo zaidi kwa sababu wale wa juu wana midomo midogo.